Mtambo wa Kushoto

Twila wa duka la vipuri kule Ohio ana maswali kuliko mshenga. Ukimpigia simu kuagiza vipuri vya gobore la kuunda mwenyewe, hakuulizi kwanza hali wala nyumbani. Anataka kujua mtutu wa urefu gani, tundu la upana gani, mtambo wa jiwe au wa fataki, mapambo ya shaba au ya chuma. Siku ile nilimjibu yote bila kusita, maana huwezi kuolewa na fundi wa magobore tangu ujana ukabaki hujui kutofautisha mdeki wa kushindilia risasi na mwiko. Nilikuwa nangoja swali moja tu.

"Na mtambo, mama, uwe upande wa kulia?"

"Kushoto," nilisema, nikiwa nimeukinga mdomo wa simu kwa kiganja, kwa sababu mlango wa sebule yetu haufungiki vizuri na mume wangu mwenyewe alikuwa humo.

"Kushoto." Nikasikia kalamu yake imesimama. "Oleta, hii ni ya Garnett?"

"Ni ya Garnett."

Kuanzia Ohio mpaka huku kwetu kwenye milima ya Virginia, hakuna mtu wa magobore asiyemjua Garnett Sizemore, na wote walishasikia habari ya jicho lake.

"Mwenyewe anajua?"

"Atajua sanduku likifika."

"Haya. Kitako je, nikuletee ubao mzima?"

"Kilichochongwa tayari."

"Mama, hicho atakitia kwenye jiko la kuni. Alishaniambia kwa mdomo wake kwamba kuunda gobore la seti iliyochongwa tayari ni sawa na kuoa mjane mwenye watoto wakubwa. Kazi yote imeshafanywa na mwenzio."

"Akikitia jikoni tutapata joto. Andika."

Akaandika. Kisha akataka urefu wa mkono, kuanzia ndani ya kiwiko mpaka kwenye ungio la kidole cha kufyatulia, kwa sababu gobore hukatwa kwa mwili wa mtu, sawasawa na suti. Nilikuwa nao tayari. Nilimpima jana yake akikoroma kwenye kiti, kwa ile futi yangu ya kushonea nguo.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa Machi mshipa ulipasuka nyuma ya jicho la kulia la Garnett akiwa anafunga kamba za viatu. Daktari wa Abingdon alimwambia jicho hilo limekwisha, lakini la kushoto ni zima kama la kijana, ashukuru Mungu. Garnett alimshukuru Mungu Jumapili mbele ya kanisa zima, kwa sauti. Jumatatu akafunga karakana, akakaa kwenye kile kiti mbele ya televisheni, na ndio ukawa mwisho wa safari zake.

Nilimwambia ahamie bega la kushoto, kama walivyofanya wengine wengi waliopata mkosi wa jicho. Akasema babu yake alipiga kwa kulia, na baba yake alipiga kwa kulia.

"Babu yako alikufa bila jino hata moja," nikamwambia. "Na hilo utalirithi?"

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa. Nimewaona wanaume wa bonde hili wakifa kwenye viti. Hawaugui, hawalalamiki, wanakaa tu, mwaka unaofuata unapeleka pai kwa mjane. Nilimtaka mume wangu arudi kwenye karakana, arudi na kelele zake na vumbi lake, na sikujali arudi kwa njia gani. Gobore ndilo lililomfanya kuwa yeye. Basi nikaona gobore ndilo litakalomrudisha.

Kwa asiyeyajua haya mambo: jiwe la gumegume likigonga chuma, cheche huangukia kwenye kisahani cha baruti kilicho ubavuni mwa mtutu, na moto wake hulipuka hapohapo karibu na uso wako. Mtambo ukiwa upande wa kulia na wewe ukaweka bunduki bega la kulia, moto unalipukia nje. Ukaiweka bega la kushoto, unakulipukia usoni. Hilo nalijua vizuri kuliko wengi, maana mimi ni mashoto wa kuzaliwa. Maisha yangu yote nimepiga gobore mara moja. Tulikuwa tunachumbiana, Garnett akanipa lake mbele ya watu, nami nikaliweka bega ambalo mwili wangu ulitaka. Moto ukanilamba nyusi. Watu walicheka, nikacheka nao, nikamrudishia bunduki yake. Tangu siku ile kazi yangu kwenye mashindano ya shabaha ni sufuria ya maharage.

Sanduku lilifika na Garnett akalisikia kabla sijalificha. Nikaliweka kwenye meza ya jikoni na kulifungua mbele yake. Alikaa, akaingiza mkono, akavitoa vitu kimojakimoja bila kuvitazama sana. Mtutu aliutikisia kichwa kwa kuuridhia. Bamba la shaba la kitako aliligonga kwa kucha. Mbao ya kitako, ya mti wa mepo wenye ile mistari ya mawimbi inayopendwa huku, aliipitishia kiganja toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akafika kwenye mtambo. Aliushika, akaugeuza, akaupapasa kwa kidole gumba, akaurudisha ndani ya karatasi yake polepole.

"Umemnunulia nani?"

"Wewe."

"Mimi si mashoto. Ndani ya nyumba hii mashoto ni mmoja, na anakoroga uji kinyumenyume."

"Uji huohuo ndio uliokunenepesha."

Akainuka, akarudi kwenye kiti chake. Nikasikia televisheni imeongezwa sauti.

Sikulia. Mimi nikikasirika huwa nafanya kazi, na siku hiyo nilikuwa nimekasirika sana. Nikasema sawa, kama fundi amegoma, mke wa fundi ataunda. Nikaenda karakana, nikarudi na fungu la patasi na tupa na masizi ya taa, nikavaa aproni.

"Unafanya nini huko?" sauti ikatoka sebuleni baada ya muda.

"Naunda gobore."

"Kwa patasi gani?"

"Hii yenye mpini mweupe."

Ile ilikuwa patasi ya marehemu baba yake, ambayo hata kunoa hunoa peke yake mlango ukiwa umefungwa.

"Umeipata wapi?"

"Karakana haina kufuli, mzee. Ina buibui tu."

Watu huniuliza kama nilikuwa nikiharibu makusudi ili nimchokoze. Nusu ilikuwa makusudi. Nusu nyingine ilikuwa kipaji. Nilichukua tupa nikaanza kulisugua bamba la shaba, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila niliporudisha mkono nilisikia kiti cha sebuleni kikilia.

"Tupa haikati ikirudi," akasema hatimaye. "Isukume, iinue, ndipo uirudishe. Wewe unaipigisha mswaki."

"Njoo unionyeshe."

"Sioni."

"Mimi nina macho mawili na sijui kitu. Wewe unajua kila kitu na unalo moja. Tukijumlishana huenda tukapata fundi mmoja."

Niliendelea hivyo siku kadhaa, nikipika upande mmoja wa meza na kuunda upande wa pili, na unga wa ngano ukaingia kwenye mifereji ya mbao. Naye kila siku alikuwa na neno la kurusha kutoka kule kwenye kiti. Usiibane hivyo. Usilowanishe. Hiyo sauti ni ya nini? Kisha siku moja mtambo ulikataa kuingia kwenye kishimo chake, nikachukua nyundo ya kulainishia nyama. Nilipiga mara ya kwanza. Kabla ya pili alikuwa amesimama mlangoni na soksi tu miguuni, rangi imemtoka.

"Weka hiyo chini, Oleta."

"Hauingii."

"Hauingii kwa sababu haujaitwa. Sogea."

Akakaa. Akachovya kidole kwenye masizi, akaupaka mtambo weusi upande wa ndani, akaukandamiza kwenye mbao, akautoa. Pale palipobaki weusi ndipo panapogusa, na hapo tu ndipo hukwanguliwa, kidogo, unga wa mbao wa kujaza ncha ya kisu. Kisha unapaka tena, unakandamiza tena. Kazi hiyo haina haraka na haitaki mtu mwenye haraka.

Lakini jicho moja halipimi umbali. Aliposhusha patasi ilitua mahali ambapo mbao haipo, ikamchana kidole gumba. Nilishika meza. Nilidhani ataitupa na kuondoka, na kwamba safari hii hatarudi tena. Akakaa ananyonya kidole, anaitazama ile mbao kwa muda mrefu. Halafu akaweka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto juu ya mbao kwanza, akaileta patasi mpaka ikagusa ukucha, akakwangua. Kipande chembamba kikajikunja na kuanguka.

"Leta kahawa," akasema.

Wiki iliyofuata alivihamishia vitu vyote karakana, akidai jikoni kunanuka vitunguu. Akaanza kula. Akaanza kugombana na redio. Akampigia Twila simu yeye mwenyewe kumlaumu kwamba mti wa seti umechongwa na mtu mwenye chuki, naye Twila akanipigia baadaye kunisimulia, tukacheka mpaka nikalazimika kukaa chini. Majira yale yote ya joto nililala nikisikia vumbi la mepo kwenye nywele zake, na sikumwambia hata mara moja aoge.

Ndipo siku moja mwanzoni mwa Septemba nikampelekea kahawa, nisimkute. Alikuwa ameteremka barabarani kwenye sanduku la barua. Gobore lilikuwa limebanwa kwenye jiliwa, kile kibano cha meza ya kazi. Alikuwa amekata kisogo cha kitako, ameshafunga na lile bamba la shaba. Kipande kilichokatwa kilikuwa sakafuni kwenye vumbi la msumeno. Vitako vya seti huja na mbao ya ziada nyuma ili ukate kwa kipimo chako, kwa hiyo kipande kisingekuwa cha ajabu. Ila hiki kilikuwa kinene mno.

Nilitoa futi kwenye mfuko wa aproni. Nikapima, nikapima tena. Kipimo cha Garnett nilikuwa nakijua kwa moyo, nilikitoa mimi. Kitako kilikuwa kifupi kwa vidole vitatu.

Jicho limemdanganya, nikasema moyoni. Amesoma futi vibaya, au amechora mstari usipo. Fundi aliyekata vitako vya bonde zima bila kukosea, amekosea hiki, chake. Na mbao ni kama maji, ikishakatwa haizoleki. Nikamwona yupo uwanjani kwenye mashindano ya Oktoba, watu wote wanamtazama, anapiga na ile bunduki fupi inarudi nyuma, kidole gumba kinampiga puani. Nikawasikia wakicheka kama walivyonicheka mimi. Angeiweka chini, angesema asanteni, angerudi kwenye kile kiti, na mimi ndiye niliyeleta sanduku.

Nilikiokota kile kipande, nikakificha kwenye pipa la unga.

Siku ya pili, Garnett akiwa karakana, nikampigia Twila.

"Nataka kitako kingine, kama kilekile. Tutabadilisha asijue."

"Mama, haiwezekani. Kile kishimo cha mtambo amekichonga kwa mkono, kwa mtambo uleule. Kitako kipya hakitaukubali mpaka akichonge upya."

"Kibandike basi kipande nyuma."

"Kwenye gobore la namna ya zamani? Kila mtu ataona kiraka." Akafikiri. "Kwa nini usimwambie tu?"

"Wewe umeolewa, Twila?"

"Sijaolewa."

"Basi nyamaza."

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia Garnett aijaribu begani pale nyumbani, tuone inavyokaa, nikitumaini atagundua pasipo watu. Akanitazama kana kwamba nimemwomba ale nyama Ijumaa Kuu.

"Unajua desturi. Bunduki mpya haiwekwi begani na mtu yeyote mpaka mwenyewe apige ya kwanza, uwanjani."

Nilijua. Huku kwetu hata jina la fundi halichorwi juu ya mtutu kabla mwenyewe hajapiga ya kwanza. Ile ya kuujaribu mtutu kama ni salama haihesabiwi. Aliifanya nyuma ya ghala, bunduki imefungwa kwenye tairi kuukuu na kamba ndefu kwenye kifyatulio, sisi tumejibanza nyuma ya ukuta. Ililia vizuri. Garnett akapiga makofi. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kuugua.

"Tumbo linaniuma," nilisema asubuhi ya mashindano.

"Tumbo halina kazi kule. Kinachotakiwa ni mkono wa kukoroga."

Tukaenda. Uwanja uko kwenye malisho ya Burl Ratliff, binamu yake Garnett, ambaye ndiye huongoza mstari wa wapigaji na ana sauti ya kuitia ng'ombe. Majani ya miti yalikuwa mekundu, moshi wa baruti umetanda chini. Niliweka sufuria yangu motoni mahali pake pa siku zote.

"Garnett," Burl akaita kabla hatujakaa sawa, "hilo jicho lililobaki linaona shabaha, au linaona njia tu?"

"Linaona tumbo lako, Burl. Na hilo halihitaji jicho zuri."

Watu wakacheka, naye Garnett akacheka. Nilimtazama anavyocheka, ameishika ile bunduki ndani ya gunia lake, moyo wangu ukaniuma sawasawa. Mepo alikuwa ameipaka mafuta mpaka mistari ikawa inasogea kwenye jua. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuunda. Nikamwomba Mungu mvua inyeshe, na mbingu zilikuwa kavu.

"Bunduki mpya mstarini," Burl akapaza sauti. "Mwenyewe ajitokeze."

Niligeukia sufuria. Sikutaka kuona. Nikakoroga, nikakoroga, nikasikia hatua za viatu vyake kwenye nyasi, lakini haziendi mstarini. Zilikuja kwangu.

"Weka mwiko chini," Garnett akasema.

"Wanakungoja."

"Hawaningoji mimi. Bunduki ni yako."

Nikadhani sikuelewa. Akaitoa kwenye gunia, akanipa mikononi, na mikono yangu ikaipokea kabla akili haijapokea. Nikaiinua bila hata kukusudia, bega la kushoto, na shaba ikaingia mahali pake, shavu likaangukia kwenye mbao, kidole kikafika. Haikubaki hata nafasi ya karatasi.

"Nilikuagizia wewe," nilisema.

"Najua. Ulinipima kwenye kiti. Ulidhani nimelala? Ile futi iliniangukia puani mara mbili."

"Na hiki kipimo umekitoa wapi?"

"Kwenye mkono wa koti lako la kanisani."

Hapo nikakasirika, nawaambia kweli. Mwezi mzima nilikuwa nimebeba vile vidole vitatu kifuani kama jiwe, sikulala, nimemtukana Twila, nimesingizia tumbo.

"Ungeniambia, Garnett."

"Na wewe ungeniambia kwa nini kipande cha mepo kiko ndani ya unga. Nilikitafuta kutwa nzima. Nilitaka kutengenezea mpini." Akashusha sauti, maana Burl alikuwa anasogea. "Kila mtu bonde hili ana bunduki yangu. Nilipoupapasa ule mtambo kwenye sanduku, ndipo nikaona nani hana. Nilikuwa nacheka siku ile, Oleta, wakati nyusi zako zinanuka. Haya nenda, kabla maharage hayajashika."

Nilienda. Alinisaidia kushindilia, ingawa nilijua, nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote. Baruti, kitambaa, risasi, mdeki. Nikamimina kidogo kwenye kisahani. Nilifyatua, na moto ukaruka kule, nje, mbali na uso wangu, na bunduki ikanisukuma bega kama mtu anayekupisha mlangoni. Moshi ulipoinuka, Garnett aliangalia kwa lile jicho lake moja kabla ya Burl hajaangalia kwa mawili na darubini.

"Pembe ya karatasi ya shabaha," akasema. "Juu kushoto."

"Shemeji," Burl akasema, "ningekuwa wewe ningemwachia mtu mwingine maharage."

Walinipigia makofi. Nilifurahi, sitaficha. Nilipiga mara nyingine na nyingine mpaka bega likawa jekundu, wanawake wakapokezana mwiko. Lakini kila nilipogeuka nilimwona Garnett amekaa nyuma ya gari letu, miguu inaning'inia, anatazama. Wenzake wote walikuwa mstarini.

Njiani kurudi nilimuuliza, "Na wewe sasa?"

"Mimi nitakubebea baruti."

Alisema kwa upole, na upole ule ulinitia baridi. Nikaelewa kilichotokea. Alikuwa ameunda bunduki yake ya mwisho, akaiunda vizuri kuliko zote, akanipa. Hiyo haikuwa zawadi tu. Mtu alikuwa anaaga. Usiku ule alichora jina lake juu ya mtutu, na langu chini yake, akafuta patasi za baba yake kwa mafuta moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye kitambaa. Jumapili baada ya kanisa akakaa kwenye kile kiti.

Jumatatu nilimpigia Twila kumpa habari, kwa kuwa nilikuwa na deni la maneno mabaya. Nilimsimulia yote. Alicheka, halafu akalia, halafu akaniuliza swali lilelile nililomuuliza Garnett kwenye gari. Na yeye je?

"Amekaa," nikasema.

Mlango wa sebule ukalia.

"Mwambie asikate simu," Garnett akasema. Alikuwa amesimama hapo na soksi zake. Akaichukua simu mkononi mwangu bila kunitazama, akakohoa kama mtu anayetaka kuhubiri.

"Twila. Nataka ubao mzima. Mepo, wa mawimbi, mkavu. Usiniletee tena ile takataka iliyochongwa. Mtutu uleule." Akasikiliza. "Shaba." Akasikiliza tena, na hapo akanyamaza.

Nililijua swali alilokuwa ameulizwa. Niligeukia jiko nikakoroga uji, kwa mkono wangu, upande wangu. Nikasikia ile sauti nyembamba ya Twila ikiita, mzee, mzee, bado upo?

"Nipo," Garnett akasema. "Kushoto." Kisha haraka, kabla Twila hajapata nafasi ya kusema kitu, "Na usinichekee. Kuna mtu hapa ana utaalamu. Atanifundisha."

Mwiko ulinitoka, ukazama kwenye uji.

"Urefu wa mkono?" akarudia swali la Twila kwa sauti, ili nami nisikie. Akaupandisha mkono wa shati, akaukunja mkono wa kushoto, akauweka mbele yangu mezani juu ya unga uliomwagika.

"Lete futi," akaniambia. "Unipime vizuri. Safari hii niko macho."